Kilo Sabini za Baba Anjela

Swali ni lilelile kila siku. Mnapita hapa barazani kwangu Mabawa, simu mkononi, mmetoka kutazama video ya mtu asiye na shati, mnanipa shikamoo ya haraka haraka, kisha mnauliza: Mwalimu, ukitaka kujaza mwili upige pushapu au unyanyue chuma? Mmoja anashika upande huu, mwingine upande ule, mnabishana mpaka kahawa yangu inapoa. Mimi niliyeifanya kazi hiyo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka zikaniaga, nawatazama tu. Mnadhani nimelala. Saa nyingine ni kweli nimelala.

Usingizi wa mchana umekuwa rafiki yangu. Baada ya sala ya adhuhuri, upepo ukianza kupenya kwenye vichochoro, jicho linafumba na ninarudi uani Ngamiani, kwenye nyumba ya marehemu shangazi yangu. Nasikia chuma kikigonga sakafu. Naona vumbi jepesi linaelea kwenye jua la alasiri na wanaume wanatoa jasho, wamejipanga kwa zamu, na hakuna hata mmoja aliyezeeka. Wengine nimewazika kwa mikono yangu. Huko usingizini wanacheka vilevile na kuniuliza zamu ni ya nani. Nikizinduka huwa natabasamu, halafu moyo unaniuma kidogo, halafu natafuta kofia yangu.

Nitawajibu, basi, ila kwa mwendo wangu. Mzee ukimuuliza saa ngapi, atakueleza kwanza ile saa aliinunua wapi.

Jimu yangu haikuwa na kioo wala muziki. Ilikuwa na ekseli ya trekta kutoka shamba la mkonge, mabomba ya maji, benchi moja, na mawe. Mawe tuliyatengeneza wenyewe. Unachukua kopo la rangi, unasimamisha kipande cha bomba katikati, unamimina saruji na kokoto, kisha unamwagilia wiki nzima kama bustani. Mwaka wa kwanza nilijitia ujanja, nikachota mchanga wa ufukweni kwa kuwa ulikuwa bure. Mchanga wa bahari una chumvi, na chumvi ikalila bomba kimyakimya. Alasiri moja bwana mmoja kanyanyua ekseli hadi kichwani, jiwe la kushoto likaachia, upande wa kulia ukamvuta, akazunguka uani mara mbili nzima kabla hajaketi juu ya ndoo ya maji ya kunywa. Hakuumia, alhamdulillahi. Ila mpaka leo wajukuu zake wanajua kwamba babu yao anaitwa Pangaboi, ile feni ya darini. Tangu siku hiyo mchanga wangu ulikuwa wa mtoni.

Hapo ni upande wa chuma. Upande wa pili wa ua palikuwa na boriti ya mkoko juu ya nguzo mbili, na kamba za katani zimening'inizwa zikiwa na vishikio vya mti. Huko alitawala Mzee Hoza.

Mzee Hoza alikuwa Mbondei wa Muheza. Ujanani alikata mkonge, baadaye akawa msokota kamba, na uzeeni alikuja uani kwangu kila siku kufanya kazi mbili: kuunga kamba zake na kunisumbua. Ukimwona ndani ya kanzu ungemwonea huruma. Akiivua, unakuta kila msuli uko mahali pake, hakuna wa ziada na hakuna uliokosekana. Ndiye aliyenifundisha mimi mazoezi nilipokuwa kijana, na katika maisha yake yote hakugusa chuma.

"Chuma ni mzigo wa mtu mwingine," alikuwa akisema. "Kwanza beba huo uliozaliwa nao."

Alikuwa na haki yake. Pushapu nyingi mnazopiga nyinyi ni kutikisa kichwa tu. Kwa Mzee Hoza ulishuka polepole, kifua kikaigusa kanga iliyokunjwa, ukatulia, ndipo ukapanda. Ukizoea, unapandisha miguu juu ya ndoo. Ukizoea tena, unabebeshwa mfuko wa mchanga mgongoni. Niliwahi kumwona kijana wa miraba minne, fahari ya upande wangu wa chuma, akishindwa kupiga nane za namna hiyo, akabaki kalala kifudifudi anatazama sisimizi. Mimi nami nilikuwa na haki yangu. Chuma unaweza kukiongeza kidogo kidogo, leo arobaini, wiki ijayo arobaini na mbili, na mapaja hasa yanataka hivyo. Wanafunzi wa Hoza walikuwa na vifua vya simba na miguu ya korongo. Tulibishana miaka ishirini na kitu, kahawa baada ya kahawa, na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Mkitaka jibu la kitabuni, ni hili, lichukueni mwende zenu: msuli hauna macho. Hauoni kama kilichokuelemea ni chuma au ni mwili wako mwenyewe. Unachojua ni kwamba umechoshwa kweli, umelishwa, umelazwa, na kesho kutwa umeongezewa kidogo. Hayo tu. Lakini mkiondoka sasa hamtamjua Mama Anjela, na mimi ndiye ninayemkumbuka kuliko vifua vyote vilivyopita pale uani.

Alikuja asubuhi moja, saa nne, ua umenyamaza. Alisukuma baiskeli yake hadi ndani, mwanamke mfupi aliyevuka hamsini, suruali ya michezo na kanga juu yake. Nilidhani anauza mayai.

"Mwalimu," akasema, "nataka nguvu."

Mimi nikacheka. Nisameheni. Nikamwambia nguvu zipo nyingi, anataka za wapi?

"Za kumwinua mume wangu."

Akanieleza akiwa amesimama, hakutaka kigoda. Walikaa Nguvumali. Mumewe alikuwa seremala, Msambaa, mrefu, mtoto wa watu waliokuja kutoka milimani kufanya kazi kwenye mkonge wasirudi. Miezi minane nyuma alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilala, ulimi ukawa mzito. Binti yao mmoja tu, Anjela, kaolewa Mwanza. Majirani walikuwa watu wema, lakini majirani wana kazi zao. Mchana mumewe alikaa katika uchafu wake akisubiri mwanamume apite njiani.

"Ndugu zake wa Lushoto wanakuja baada ya mavuno," akasema. "Watamchukua. Si watu wabaya, Mwalimu. Wana vijana wenye mabega huko. Wameniambia, shemeji, ukiweza kumtoa kitandani mwenyewe na kumketisha, abaki. Usipoweza, tunamchukua, maana huyu ni ndugu yetu, hatuwezi kumwacha aoze."

"Na wewe?"

"Mimi wananikaribisha. Nikawe mgeni kwenye jiko la wake zao. Na yeye hataki. Ameniambia kwa ule ulimi wake, neno moja, nusu saa nzima kulitoa. Hapa." Akaishika upya baiskeli yake. "Miaka thelathini na mbili tumelala chumba kimoja."

Mwalimu mwenye akili angemwambia, twende nikamwone. Au angemwambia waende kwanza kwa muuguzi, wanaojua mambo haya wapo, na nyinyi mkifikwa fanyeni hivyo. Mimi niliuliza swali la mtu wa chuma.

"Ana kilo ngapi?"

"Hospitali walimpima. Sabini."

Nilifurahi, wanangu! Nilipewa hesabu. Sabini ni mawe mawili makubwa, mawili ya kati na ekseli. Niliiona kazi yote imeisha kabla haijaanza.

Tukaanza. Kwa kuwa mke wa mtu hawezi kuwa peke yake uani na mwanamume, mke wangu Bi Zainabu alikuja kila asubuhi, akakaa kwenye kigoda na ungo wa mchele mapajani, akichambua na kusikiliza. Mama Anjela alianza na kilo ishirini. Nilimfundisha kukaza tumbo, kunyoosha mgongo, kusukuma ardhi kwa miguu badala ya kuvuta kwa mikono. Nilimwambia ale dagaa, maharage na yai akilipata, asile chai na andazi akaita chakula. Hakukosa siku. Mvua ilinyesha akaja na mfuko wa plastiki kichwani. Wiki ya kumi na moja akainama, akaishika ekseli yenye kilo sabini, akatoa sauti ambayo sijui ilitoka wapi, na ekseli ikapanda. Bi Zainabu akapiga vigelegele, mchele wote chini.

"Nenda," nikamwambia. "Nenda kamwinue mumeo."

Kesho yake alikuja kwa miguu. Kiwiko kimechubuka, macho hayataki kunitazama.

"Tumeanguka, Mwalimu."

Walianguka kati ya kitanda na ukuta, yeye chini, mumewe juu. Wakalala pale mpaka jirani aliporudi kula chakula cha mchana.

"Alilia," akasema. "Hakuumia popote. Alilia tu."

Aibu iliyonipata siku ile bado naijua. Nilimtuma mwanamke wa watu kwenda kuanguka, na wiki nne tu zilibaki kabla ya ndugu kuja. Mzee Hoza alikuwa pale pembeni na kamba yake. Alishaiweka chini.

"Mwanangu," akamwuliza, "ulipomshika, yeye alifanya nini?"

"Kwanza alilegea kama hayupo, mzee. Halafu tulipofika katikati akakakamaa, akanikaba shingo."

"Eeh. Chuma hakiogopi. Mtu anaogopa." Akanigeukia. "Na wewe Bakari, umempa mwenzio kilo sabini zenye mpini. Mumewe mpini anao wapi?"

Mzee Hoza alimuuguza mama yake miaka sita, na katika ubishi wetu wote sikuwahi kumwuliza aliwezaje. Akatandika mkeka katikati ya ua, akaniambia nilale, nijilegeze, Mama Anjela aninyanyue. Nikavua kandambili. Bi Zainabu akauweka ungo chini taratibu.

"Mke wa mtu akukumbatie wewe, na mimi nimekaa hapa nachambua mchele?" akasema. "Hebu sogea."

Akalala yeye. Hivyo ndivyo mke wangu alivyokuwa jiwe la jimu yangu kwa mwezi mzima. Kilo zake sizitaji, bado tunaishi pamoja.

Mwezi ule ndio unaonirudia zaidi usingizini. Asubuhi nyeupe, ua umemwagiwa maji, harufu ya katani mbichi, na wanawake wawili mkekani wakikumbatiana, mmoja anajilegeza kadiri awezavyo, mwingine anamvuta kutoka ardhini. Bi Zainabu alikuwa mwalimu mkali kuliko mimi. "Usinivute kwapa, utaning'oa bega!" "Goti lako lizuie goti langu, nisiteleze." Siku moja akasema jambo ambalo hakuna chuma kingeniambia: "Unanitisha ukinyamaza, Mama Anjela. Nasikia pumzi tu, sijui unataka kufanya nini. Sema nami." Tangu hapo Mama Anjela akawa anasema kabla ya kila kitu: ni mimi, moja, mbili, tunakwenda. Wakainuka pamoja, wakasimama uso kwa uso, wakaangua kicheko.

Mzee Hoza akamwongezea ya kwake. Kuketi chini na kuinuka bila kutumia mikono. Kuegemea ukuta magoti yamekunjwa mpaka mapaja yatetemeke. Pushapu za ukutani, kisha za kwenye benchi. Kubeba gunia lililojaa mchanga nusu, ambalo kila hatua lina wazo jipya. Mimi chuma sikukiacha, naye safari hii hakunibishia. Jumatatu na Alhamisi Mama Anjela aliinua ekseli yangu, kwa sababu mgongo wake bado ulihitaji mzigo unaopimika. Mwisho wa mwezi mikono yake ilikuwa imejengeka mpaka Bi Zainabu akaanza kupiga pushapu za ukutani jikoni, akidhani sijui.

Nyumbani lakini, Mama Anjela hakuthubutu. Alimketisha mumewe ukingoni mwa kitanda, basi, akaishia hapo. Nilimwona anahesabu siku na sikumwuliza. Mimi mwenyewe chakula kilianza kunishinda.

Wakaja Jumamosi. Ndugu wawili, wameshuka na gari la kukodi, nyuma wameshatandika godoro. Godoro lile lilinikata maini kuliko neno lolote. Walileta kabichi na matunda ya milimani, wakasalimia kwa Kisambaa, "onga mshi", kwa upole, wakanywa chai. Tulialikwa, mimi na Bi Zainabu na Mzee Hoza, ndiyo mara ya kwanza nilipomwona Baba Anjela: mwanamume mrefu mno kwa kitanda chake, mikono mikubwa, macho yanayofuata kila mtu chumbani. Hakuna aliyetaka kuanza. Mwishowe yule mkubwa akaweka kikombe chini.

"Shemeji. Tulisema."

Mama Anjela akafuta mikono kwenye kanga. Akamgeuza mumewe, akamketisha ukingoni. Goti kwa goti. Mikono ikazunguka mgongo wa mumewe ikakutana.

"Baba Anjela, ni mimi," akasema. "Moja. Mbili. Tunakwenda."

Akasimama. Wallahi Baba Anjela alisimama, mrefu, kidevu chake juu ya utosi wa mkewe. Wakageuka pamoja, hatua tatu ndogo, na akashuka kwenye kiti polepole, bila kishindo. Ndugu mdogo akageukia ukutani. Mkubwa akatoka nje, na tukamsikia akilikunja godoro.

Mimi huyo, kifua mbele! Nikaanza kumweleza yule mdogo habari za gunia na mkeka na kilo sabini. Mama Anjela alikuwa anaitazama mikono yake.

"Mwalimu," akanikatiza. "Alikuwa mwepesi."

"Ni wewe umekuwa na nguvu, mama."

"Hapana. Mimi namjua. Siku ile tulipoanguka nilimjua uzito wake wote. Leo alikuwa mwepesi."

Kazi ikiwa mkononi miaka mingi, mkono unakwenda wenyewe. Nilipiga magoti mbele ya kile kiti, nikaomba radhi, nikalishika paja lake la kushoto, lile zima. Paja la mtu aliyelala karibu mwaka huwa laini kama unga uliokandwa. Hili lilikuwa gumu. Nikapanda juu kidogo, gumu. Nimeshika mapaja ya vijana maisha yangu yote, na msuli uliofanyishwa kazi naujua nikiwa nimefumba macho. Nikainua uso. Baba Anjela alikuwa anatabasamu kwa nusu ya mdomo.

"Umekuwa ukifanya nini?" nikamwuliza.

Tukasubiri ulimi wake. Hakuna aliyemsaidia neno.

"Akienda... kwako," akasema. "Mimi... nanyanyua... kiuno."

Alikuwa peke yake kitandani kila asubuhi, amekunja ule mguu mmoja, anausukuma mwili wake mrefu juu, na kuushusha, na kuusukuma tena. Nikamwuliza mara ngapi, kwa sababu mimi nitaulizaje kingine? Akainua mkono wa kushoto, akaufumba, akaufumbua, akaufumba, akaufumbua, mpaka nikapoteza hesabu. Mzee Hoza alivua kofia yake na kuishika kifuani.

Mama Anjela alikuwa amekaa chini sakafuni, hajui kama acheke.

"Mbona hukuniambia?"

Safari hii alichukua muda mrefu zaidi, jasho likamtoka kwenye paji la uso.

"Ningeshindwa... ungejua."

Mama Anjela akakilaza kichwa chake juu ya lile paja, akalia kwa sauti, mbele ya mashemeji na mbele yetu sisi. Baba Anjela alimtazama kwa muda. Kisha akashika ukingo wa kiti, akakaza taya, na goti lake likapanda polepole kutoka sakafuni, na kichwa cha mkewe juu yake.